Padri António de Andrade na Ziwa la Mana

Wengi kati yetu tumesoma habari za Mtakatifu Fransisko Saveri, lakini wachache wanajua jina la Padri António de Andrade. Alizaliwa Ureno mwaka 1580, akaingia katika Shirika la Yezu, na baadaye akawekwa kuwa mkubwa wa misioni ya Agra katika Uhindi. Huyu ndiye Mzungu wa kwanza anayejulikana kuvuka milima ya Himalaya na kuingia Tibet.

Nini ilimpeleka kule? Watu walisema kama nyuma ya milima kulikaa Wakristo waliosahauliwa. Basi, tarehe 30 Machi 1624, aliondoka Agra pamoja na Furere Manuel Marques. Huko Delhi walivaa nguo za Kihindu, wakajiunga na wahujaji waliokuwa wakienda Badrinath.

Badrinath ni hekalu la Vishnu, kwenye urefu wa mita zaidi ya 3,100. Karibu yake inatoka chemchemi ya maji ya moto, na wahujaji wanaoga humo mbele ya kuingia hekaluni. Wakati wa baridi kali theluji inafunga njia, hekalu linafungwa, na watu wanashuka mabondeni. Ni hivi hata leo.

Toka kijiji cha Mana, Padri aliendelea mbele ya njia kufunguka. Theluji ilimfikia kifuani. Miguu na mikono ilikufa ganzi, hata kipande cha kidole kilikatika bila yeye kusikia maumivu. Mwangaza wa theluji uliharibu macho yake: kwa siku zaidi ya 25 hakuweza kusoma hata herufi moja ya Breviari. Alilazimishwa kurudi nyuma, kisha akapanda tena.

Juu, karibu na kipito chenye urefu wa mita 5,600 hivi, aliona ziwa. Aliandika kama mto Ganga unatoka humo, na tena mto mwingine unaoshuka Tibet. Leo tunajua kama ziwa lile, Deo Tal, linatoa mto Saraswati tu, unaoingia katika Alaknanda karibu na Mana. Alaknanda wenyewe unatoka katika barafu kubwa za Satopanth na Bhagirath Kharak. Halafu, huko Devprayag, unakutana na Bhagirathi, na hapo ndipo unapoanza kuitwa Ganga.

Mwezi wa Agosti 1624 alifika Tsaparang, mji wa mfalme wa Guge. Hakukuta Wakristo, alikuta Wabuda. Lakini mfalme alimpokea vizuri, akamwomba arudi. Alirudi mwaka 1625, na siku ya Pasaka ya 1626 jiwe la kwanza la kanisa liliwekwa. Mwaka 1630 watu walimwasi mfalme, jeshi la Ladakh likateka nchi, na misioni ikaharibika. Padri alikufa Goa tarehe 19 Machi 1634, kwa sumu. Furere Marques alijaribu tena safari ile, akafungwa Tibet. Toka mwaka 1641 hakusikiwa tena.

Tuone sasa jambo moja. Andrade alipoona kati ya Watibeti desturi zilizofanana na zetu, alidhani ni mabaki ya imani ya Kristo. Jaribu hilo lingali. Juu ya Badrinath kuna ziwa Satopanth lenye pembe tatu, na Wahindu wanasema kama Brahma, Vishnu na Shiva wanaoga humo, kila mmoja katika pembe yake. Mtu wa haraka atasema: tazama, Utatu Mtakatifu! Sivyo. Mambo yanayofanana kwa macho si lazima yawe na shina moja.

Lakini tusianguke upande wa pili, kudharau. Mtaguso Mkuu, katika tangazo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitufundisha kama Kanisa halikatai neno lolote la kweli na takatifu lililo katika dini hizo. Mhujaji mzee anayepanda theluji bila viatu anatafuta kitu. Sisi tulio wahubiri tumwulize kwanza anatafuta nini, tumsikilize mpaka mwisho, halafu tuseme letu. Andrade alikuwa na moyo wa kupanda. Kusikiliza ni kazi iliyobaki kwetu.