Kuziba kwa mfereji wa machozi (watoto wachanga)

Kuziba kwa mfereji wa machozi ni hali ya mtoto kuzaliwa njia yake ya machozi ikiwa haijafunguka mpaka puani. Machozi hutoka kwenye tezi iliyo juu ya jicho, upande wa sikio. Yakishalilowesha jicho huingia katika vitundu viwili kwenye pembe ya ndani, hukusanyika katika kifuko kando ya pua, kisha hushuka kwa mfereji hadi ndani ya pua. Ndiyo maana anayelia hupenga kamasi. Mlango wa chini wa mfereji huo hufunikwa na utando mwembamba, ambao kwa kawaida hutoboka karibu na siku za kuzaliwa. Usipotoboka, machozi hukosa pa kupitia.

Wiki za mwanzo huenda mama asione kitu, maana kichanga hulia bila machozi mengi. Baadaye jicho moja, pengine yote mawili, hujaa maji hata mtoto akiwa ametulia, na akiamka kope zimegandamana kwa tongotongo. Weupe wa jicho, hata hivyo, haugeuki mwekundu.

Si kila jicho la maji ni la aina hii. Usaha mwingi na kope zilizovimba siku chache baada ya kuzaliwa huenda ni kisonono kilichotoka kwa mama, nacho hupofusha upesi. Uvimbe mwekundu kando ya pua ni dalili kuwa kifuko kimeingiwa na vijidudu. Hatari iliyojificha zaidi ni glakoma: mtoto hukimbia mwanga, kioo cha jicho kina ukungu, na jicho hutanuka, huku watu wakimsifu kwa macho makubwa. Mtoto mwenye dalili yoyote kati ya hizi hupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Kwa watoto takriban 9 kati ya 10 wenye mfereji ulioziba, mfereji hufunguka wenyewe kabla hawajatimiza mwaka. Kulitonea jicho maziwa ya mama hakutoboi utando. Tongotongo hufutwa kwa pamba safi na maji yaliyochemshwa yakapoa. Kinachosaidia ni kukanda, njia iliyoelezwa na daktari Crigler wa Marekani mwaka 1923: kidole chenye kucha fupi hubonyeza kati ya pembe ya jicho na pua, kisha hushushwa kufuata ubavu wa pua, mara kadhaa kwa siku.

Mtoto ambaye mfereji wake haukufunguka hupewa nusukaputi, na daktari wa macho hupitisha mferejini kijiti chembamba cha chuma chenye ncha butu. Kisha husukuma maji ya rangi kuona kama yatatokea puani.