Njia ya Taarifa: Wataalamu wa Elimu na Watoto wa Kakese

Katika kata ya Kakese, iliyo pembezoni mwa Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, mpunga unapoanza kushika punje huwapo watoto ambao alfajiri huwakuta wakielekea shambani na si darasani, wakapande dunguni na kushinda huko wakiamia ndege kwa makelele, kwa makopo na kwa teo. Na mwalimu afunguapo daftari la mahudhurio huweka alama ileile mbele ya jina la mtoto mzembe na mbele ya jina la mtoto aliyetumwa na wazazi wake kulinda chakula cha mwaka mzima. Alama hiyo, ikijumlishwa na nyenzake, hupanda kwa afisa elimu wa kata, kisha halmashauri, mkoa na wizara, na mara nyingine huvuka bahari ikafika katika ofisi za London, Paris au Washington ikiwa imeyeyuka ndani ya asilimia fulani ya utoro. Tarehe ya elimu ya nchi hii aghalabu huandikwa kwa majina ya marais na mawaziri. Hapa nataka kuifuata kwa njia ya alama hiyo, yaani kuwatazama watu ambao kazi yao imekuwa kuhesabu nani amesoma na nani amenyimwa, na kumshauri mtawala afanye nini, nao kwa muda wa karne moja wamekuwa wakiifanya kazi hiyo kwa kamati, misafara na mitandao.

Mwaka 1924 ulipita Afrika Mashariki msafara uliogharimiwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa New York, kiongozi wake akiwa Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe alikuwamo James Aggrey wa Gold Coast, Mwafrika peke yake katika kundi lile. Alikuwamo pia Hanns Vischer, na huyu ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa kuwa alikuwa vilevile katibu wa kamati ya ushauri juu ya elimu ya Waafrika iliyoundwa London mwaka 1923 chini ya Wizara ya Makoloni; basi yaliyoonwa na macho ya msafara huku yalikuwa na mtu wa kuyatia katika masikio ya dola kule, na waraka wa sera uliotoka London mwaka 1925 ulikubaliana na wasafiri wale katika mengi. Kiini chake kilikuwa kwamba elimu ilingane na mazingira ya mwanafunzi, kilimo chake, afya yake na desturi zake. Maneno hayo si mabaya yakisomwa peke yake. Ila katika Tanganyika yalikaa vizuri mno pamoja na mpango wa shule za namna tatu, za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila namna ikiwa na fungu lake la fedha, na fungu la mtoto wa Kiafrika likiwa dogo kuliko yote. Na hata miongoni mwa Waafrika wenyewe, shule ya Tabora ilikusudiwa kwanza kwa wana wa watemi, ili utawala upate warithi waliosoma. Insafu kwa maana tunayoitaka leo haikuwa swali lililoulizwa. Lililoulizwa ni elimu gani inamfaa nani, na jibu lake lilikuwa tayari kabla ya meli kung'oa nanga.

Kwa pande za Mpanda shule ilitangulia kuja na misheni. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, palikuwa na ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao wakaikabidhi kwa Mapadri Weupe mwaka 1885, na hapo ndipo alipofanya kazi Adrien Atiman, mtu wa Afrika Magharibi aliyekombolewa utumwani akasomeshwa utabibu Malta, akatibu watu na kuwafundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Bara ya ziwa, katika nchi ya Wabende na Wakonongo, watu waliishi mbalimbali ndani ya miombo yenye mbung'o, na reli ya kutoka Kaliua ilipofika Mpanda kwenye mwaka 1950 ilifuata madini ya risasi, haikufuata watoto.

Mwongo huohuo wataalamu walirudi. Mwaka 1951 A. L. Binns aliongoza kundi dogo kupita Afrika ya Mashariki na ya Kati, kwa gharama za mfuko wa Nuffield na Wizara ya Makoloni, na mnamo Septemba 1952 taarifa zao zikajadiliwa katika mkutano wa Cambridge. Mzazi wa Kakese, ambaye angeweza kuwaeleza kwa maneno machache kwa nini mtoto anayetembea mwendo wa saa mbili kwenda shule huacha masomo masika yakianza, hakuwa na kiti katika mkutano ule.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 shule za msingi za Tanganyika zilikuwa na watoto wapatao 490,000, wengi wao wakikomea darasa la nne, na shule za sekondari zilikuwa na wanafunzi 11,832, ambao miongoni mwao 176 tu walikuwa kidato cha sita. Ubaguzi wa shule kwa rangi ulifutwa kisheria kuanzia Januari 1962. Hapo palizuka mvutano ambao husahauliwa na wale wanaodhani kwamba mtaalamu sikuzote ni rafiki wa maskini. Mkutano wa nchi za Afrika uliofanyika Addis Ababa mnamo Mei 1961 chini ya UNESCO uliweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 1980 kila mtoto awe shuleni. Lakini washauri wa nguvukazi, na hasa George Tobias aliyeletwa na mfuko wa Ford na ambaye hesabu zake zilichapwa mwaka 1963, walionyesha kwamba dola changa ilihitaji kwanza wahandisi, matabibu, makarani wa juu na walimu wa sekondari, na kwamba shilingi iliyotumika kwa darasa la kwanza la kijijini ilikuwa shilingi iliyokosekana kwa kidato cha tano. Serikali iliwasikiliza. Hesabu zao zilikuwa sahihi, na kwa hakika bila hao wachache waliosomeshwa haraka ofisi zingebaki mikononi mwa wageni. Lakini gharama ya usahihi huo ililipwa na wilaya kama Mpanda, ambazo hazikuwa na shule za kutosha za kumtoa hata huyo mhandisi mmoja.

Mwalimu Nyerere, mwana wa mtemi wa Wazanaki aliyepitia shule ileile ya Tabora, alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mnamo Machi 1967, na ada ya shule za msingi ikafutwa mwaka 1973. Halafu Halmashauri Kuu ya chama tawala cha TANU ilipokutana Musoma mnamo Novemba 1974 iliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote (UPE), iliyokuwa imepangiwa mwaka 1989, ifikiwe Novemba 1977. Hapana mwanauchumi wa elimu aliyeshauri mwendo wa namna hiyo. Walimu hawakuwapo, kwa hiyo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundisha nusu ya siku na nusu ya pili wakawa wanafunzi wao wenyewe, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, na wakufunzi wakiwafuata kwa baiskeli kutoka kituo hadi kituo. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Leo neno mwalimu wa UPE hutamkwa kwa dharau, na wanaolitamka hivyo wengi walifundishwa kusoma na mwalimu huyo huyo, katika banda la miti na udongo lililojengwa na wazazi, na ubao mweusi uliopakwa makaa ya betri. Miaka hiyohiyo Mkoa wa Rukwa ulizaliwa ukiwa na Mpanda ndani yake, vijiji vikapangwa upya, na karibu na mji wa Mpanda katika makazi ya Katumba waliwekwa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, ambao watoto wao walisoma kwa Kiswahili na ambao wengi wao walipewa hati za uraia mwaka 2014.

Wataalamu walikuja nyuma ya uamuzi kuhesabu madhara yake, na tume ya Jackson Makweta, iliyoteuliwa mwaka 1980 na kutoa taarifa yake mwaka 1982, ilisema wazi kwamba wingi umekula ubora. Wakati huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimeshapata watafiti wake wenyewe: Marjorie Mbilinyi aliyeandika juu ya elimu ya wasichana tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, Issa Omari na wenzake waliopima matokeo ya UPE kwa msaada wa shirika la utafiti la Kanada. Lakini ilipokuja miaka ya masharti ya uchumi, michango na ada zikarudi, na walioandikishwa wakapungua, tafiti hizo zilikaa makabatini. Aliyesikilizwa ni mkopeshaji.

Kabati hilo lilifunguliwa na watu wa nje ya serikali. Mwaka 1999 uliundwa Mtandao wa Elimu Tanzania, na mwaka 2000 shirika la Maarifa ni Ufunguo la Arusha lilifanya uchunguzi juu ya michango ya shule na watoto inaowafukuza. Mtandao ukauchukua uchunguzi huo katika mabaraza ya ndani na ya nje, wakati ambapo Washington kwenyewe ada za shule za msingi zilikuwa zimeanza kupingwa katika bunge la Marekani. Ada ikafutwa mwaka 2001, na walioandikishwa wakaongezeka kutoka takriban milioni 4.8 mwaka huo hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Huu ndio mfano bora nilio nao wa utafiti mdogo kuwa sera kubwa, na ulikamilika kwa sababu wakati uliukuta ukiwa tayari. Wasidhani wenye kalamu kwamba mlango huo hubaki wazi: mwaka 2005 asasi ya HakiElimu, iliyoanzishwa mwaka 2001, ilipotangaza kwamba Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), uliofuatana na kufutwa kwa ada, haujatimiza yote uliyoahidi, ilipigwa marufuku kuchapisha habari za shule, na ugomvi haukumalizwa mpaka mwaka 2007.

Ulaya nayo ina mitandao yake. Kamisheni ya Ulaya imekuwa ikiwalipa wanazuoni, kwanza katika mtandao wa NESSE na baadaye NESET, wakusanye tafiti juu ya watoto wa wahamiaji, wa maskini na wenye ulemavu, waziandike kwa namna ambayo mtunga sera ataweza kuzisoma. Huku kwetu ulikuwapo SACMEQ, muungano wa wizara za elimu ulioanza mwaka 1995 ukilelewa na taasisi ya UNESCO ya Paris, Zanzibar ikiwamo katika duru ya kwanza na Tanzania Bara katika duru ya pili, ukipima usomaji na hesabu za darasa la sita. Tofauti ninayoiona si ya akili wala ya vipimo. Mwanazuoni wa Ulaya mara nyingi anaandika juu ya mtoto ambaye mzazi wake anampigia kura yule yule atakayeisoma taarifa. Wetu mara nyingi ameandika akimtazama mfadhili, na mfadhili hana jimbo Kakese.

Ndiyo maana mpango wa Uwezo, ulioanza mwaka 2009 kwa kuiga kazi ya shirika la Pratham la India, una mahali pa pekee katika tarehe hii. Wahojaji wake walikuwa watu wa kujitolea wa wilaya ileile, wakaenda nyumba kwa nyumba badala ya shule kwa shule, wakaketi mkekani na mtoto wakiwa na karatasi yenye silabi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, na mzazi akiwa papo hapo akisikia mwanawe wa darasa la tatu akikwama. Matokeo ya kwanza ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba takriban watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kuisoma hadithi ile. Maafisa wengine walinung'unikia vipimo. Mzazi hakuwa na haja ya kunung'unika, kwa maana aliyasikia mwenyewe.

Mwaka 2017 mradi wa EQUIP-Tanzania, uliogharimiwa na serikali ya Uingereza, uliongeza Katavi katika mikoa yake. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuandaa mafunzo ya utayari wa shule kwa watoto ambao hawakupata elimu ya awali, yakiendeshwa na mtu wa kijijini kwa hadithi za Kiswahili, kwa kuwa mtoto anayezungumza Kisukuma nyumbani, kama walivyo wengi katika mabonde ya mpunga na malisho ya Mpanda, huingia darasa la kwanza akaambiwa asome lugha asiyoisema. Jambo hilo kila mwalimu wa darasa la kwanza katika pande hizo alilijua kabla ya mshauri yeyote kulitia katika jedwali. Mrithi wake, Shule Bora, aliyeanza mwaka 2021, naye ameiweka Katavi miongoni mwa mikoa yake tisa.

Lakini namba iliyoifichua Katavi kuliko zote haikutoka kwa watu wa elimu. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba wasichana 45 katika kila 100 wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 27. Na kwa kanuni za wakati ule aliyekuwa mwanafunzi miongoni mwao aliweza kufutwa daftarini, tena mwaka 2017 Rais Magufuli akatamka kwamba hatarudi shuleni. Watetezi wa ndani na wa nje wakaing'ang'ania namba hiyo na nyenzake, mkopo wa Benki ya Dunia ukacheleweshwa, na hatimaye Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ukamruhusu binti aliyekatiza masomo kurejea shuleni. Waraka huo umefika katika kila halmashauri. Kutoka ofisi ya kata mpaka nyumba ya binti aliyeko mashambani ni kazi ya mtendaji wa kijiji na mwalimu mkuu, ambao hawamo katika mtandao wowote wa wataalamu.