Ubingwa wa NFL 1932 ulivyoamuliwa ukumbini

MSIMU wa 1932 wa Ligi ya Taifa ya Kandanda ya Kimarekani (NFL) ulimalizika Chicago Bears na Portsmouth Spartans ya Ohio zikiwa sako kwa bako kileleni. Kila moja ilishinda mechi sita na kupoteza moja. Bears ilitoka sare mara sita na Spartans nne, lakini enzi hizo sare hazikuhesabiwa. Green Bay Packers, iliyoshinda mechi 10 na kushindwa tatu, ikaachwa nyuma.

Mechi ya kuamua bingwa ilichezwa Desemba 18 jijini Chicago. Kutokana na theluji na baridi kali, ilihamishiwa ndani ya ukumbi wa Chicago Stadium, kwenye uwanja mfupi wa yadi 80.

Bears ilishinda 9-0. Bronko Nagurski alimrushia Red Grange pasi iliyozaa pointi za kwanza katika robo ya mwisho. Spartans walilalamika kwamba Nagurski hakuwa yadi tano nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo, jinsi sheria ilivyotaka, lakini hawakusikizwa.

Matokeo hayo yalijumuishwa katika jedwali, na Spartans ikateremka hadi nafasi ya tatu, nyuma ya Packers.

Mnamo 1933, sheria hiyo ya yadi tano iliondolewa, timu zikagawanywa katika makundi mawili na fainali ya kila mwaka ikaanzishwa. Sare zilianza kuhesabiwa kama nusu ya ushindi mnamo 1972.