Mikarafuu ya Mkoani, Ng'ambo ya Makoongwe

Kisiwa cha Makoongwe kiko mbele ya bandari ya Mkoani, kusini-magharibi mwa Pemba. Ni kisiwa kidogo cha wavuvi, na popo wakubwa wa Pemba hupumzika mitini humo mchana kutwa. Ukitazama ng'ambo unaona vilima vya Mkoani, na huko ndiko karafuu iliko.

Habari ya karafuu husimuliwa sana kama habari ya masultani. Mche, asili yake Maluku huko Indonesia, uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 ukipitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Seyyid Said bin Sultan akahimiza upandwe. Yote kweli. Lakini Pemba ilipata nafasi yake kwa balaa la wenzake. Aprili 1872, enzi ya Sultani Barghash, kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba haikuguswa sana. Bei ikapanda, watu wakapanda miti, na tangu hapo karafuu nyingi ya Zanzibar hutoka Pemba.

Mashamba makubwa yalikuwepo, na kazi yake waliibeba watumwa hadi utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897. Hata hivyo Wapemba wenyewe nao walikuwa na mikarafuu yao, kumi hapa, ishirini kule. Mali ilihesabiwa kwa miti: ardhi ingeweza kuwa ya mtu mmoja na mti ukawa wa mwingine, ukarithiwa, ukawekwa rehani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali iligawa eka tatu tatu, na karafuu ikazidi kuwa kazi ya familia.

Kazi yenyewe haina mashine. Tumba la karafuu huchumwa likianza kuiva, kabla ua halijafunguka. Likishafunguka, bei imekwenda. Mchumaji hupanda juu na kikapu chake, akavuta matawi kwa ngowe, na wapo wanaoanguka. Analipwa kwa pishi. Jioni mzigo unamwagwa uani na nyumba nzima inakaa kuchambua: mtu anashika kishada, anakisukuma kwenye kiganja, karafuu zinabaki huku na makonyo kule. Mikono inanuka karafuu hata wakati wa kula, na anayelalamika huambiwa hiyo ndiyo harufu ya ada ya skuli. Makonyo hayatupwi, kiwanda cha Wawi, Chake Chake, huyakamua mafuta. Kisha kuanika juani siku kadhaa, macho yakiwa mawinguni, maana karafuu iliyonyeshewa hupauka na kushuka daraja.

Mnunuzi halali kwa miaka mingi amekuwa mmoja, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lililoanzishwa 1968. Indonesia ilikuwa mteja mkubwa kwa sigara zake za karafuu. Ilipoanza kujitosheleza kwa zao lake, soko likaporomoka. Bei ya mkulima ikawa ndogo mno, na ng'ambo ya mpaka wa Kenya palikuwa na wanunuzi. Majahazi yakaondoka usiku. Serikali ilikuwa na kikosi kizima, KMKM, chenye kazi ya kuzuia magendo ndani ya jina lake. Mimi simwiti mkulima yule mhalifu. Alipiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Ushahidi ulipatikana mwaka 2011. Serikali ya Dk. Ali Mohamed Shein, mwenyewe mzaliwa wa Chokocho, wilaya hiyo hiyo ya Mkoani, ilipandisha bei kwa kishindo. Baadaye kilo ikawa shilingi 14,000. Magendo yalipungua, na watu wakarudi kupalilia mashamba waliyokuwa wameyaachia kichaka. Bei ilifanya kwa msimu mmoja kilichowashinda askari kwa miaka.

Basi msomaji, ukishuka boti Mkoani wakati wa msimu, tazama unapokanyaga. Majamvi ya karafuu yaliyoanikwa mbele ya nyumba ni ada, ni mahari, ni bati la mwaka ujao. Pita pembeni.