Walimu wa Historia Walipoketi na Watafiti

Profesa Bethwell Allan Ogot alipofariki Januari 30, 2025, akiwa na miaka 95, vitabu vyake vilitajwa kila mahali. Mimi nakumbuka zaidi kazi yake katika Chama cha Historia cha Kenya na mikutano ya kila mwaka ya chama hicho, walimu wa historia walipoketi na watafiti.

Uhuru ulipokuja 1963, nchi ilikuwa mpya na vitabu vya historia vilikuwa vya mkoloni. Ogot, aliyewahi kufundisha Shule ya Upili ya Alliance, alikuwa akiandika historia ya Wajaluo kutokana na masimulizi ya wazee, jambo ambalo wasomi wengi wa Ulaya hawakuliamini. Makala za mkutano wa chama wa 1967 zilichapishwa mwaka uliofuata kwa jina Hadith 1, la kwanza katika mfululizo. Mwaka huohuo Ogot na J. A. Kieran wakatoa kitabu cha historia, Zamani, na shule zikapata cha kusoma.

Moto uliwaka juu ya Mau Mau, vita vya msituni dhidi ya ukoloni. Katika Hadith 4, iliyotoka 1972, Ogot aliandika kuhusu Wagikuyu waliokataa kuwaunga mkono wapiganaji: machifu, wazee, Wakristo, ngati (walinzi wa upande wa serikali ya kikoloni). Mitaani hao waliitwa wasaliti, basi. Ogot alisema walikuwa na sababu zao, za imani, mali na mamlaka, na mwanahistoria hana budi kuzichunguza. Miaka mitano baadaye jarida la Kenya Historical Review lilitoa toleo zima juu ya Mau Mau. Humo mwanahistoria Maina wa Kinyatti alishikilia kwamba vita vile vilikuwa kilele cha siasa za Waafrika chini ya ukoloni. Mwanahistoria mwenzake William Ochieng' hakukubali kwamba zilikuwa harakati za taifa zima. Juni 1982 Kinyatti alikamatwa, kisha akafungwa miaka sita kwa kupatikana na chapisho lililoitwa la uchochezi.

Ubishi huo haukuwa wa maprofesa peke yao. Mwalimu wa Nyeri alikuwa na darasa ambamo baba wa mtoto mmoja aliingia msituni na baba wa jirani yake alikuwa ngati. Angefundisha nini Jumatatu asubuhi bila kusikia pande zote mbili mkutanoni?

Hadith 8 ilipotoka 1985, Mau Mau bado ilikuwa imepigwa marufuku kisheria. Marufuku hiyo iliondolewa 2003.

Leo mafunzo ya mwalimu kazini yanaitwa TPD. Yalipozinduliwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, mwaka wa 2021, zogo lilikuwa la ada ya Sh6,000 kwa mwaka, na vyama vya walimu vilikuwa na haki ya kulalamika. Lakini hata bila ada, mbinu za kufundisha za TPD hazimwambii mwalimu utafiti mpya unasema nini kuhusu kesi ya Kapenguria au mauaji ya Hola. Sasa Gredi ya 10 imeanza, na Historia na Uraia ni somo la kuchagua. Kwa mwalimu wa somo hilo, TSC ihesabu siku mbili za mkutano wa wanahistoria kuwa sehemu ya TPD, na imlipie nauli.