Kikoa cha nchi (.tz)

Kikoa cha nchi ni mwisho wa anwani ya intaneti wenye herufi mbili zinazoitambulisha nchi au eneo. Herufi hizo huchukuliwa kwenye orodha ya kimataifa ya ISO 3166-1. Waraka wa RFC 1591 wa mwaka 1994, ulioandikwa na Jon Postel, uliifanya orodha hiyo kuwa mwamuzi wa nini ni nchi na nini si nchi. Uingereza imeponyoka: msimbo wake ni GB, lakini hutumia .uk.

Tanzania ilipewa .tz mwaka 1995. Anwani za serikali huwa chini ya .go.tz, na humo ndimo zilimo halmashauri za Karagwe (karagwedc.go.tz) na Kyerwa (kyerwadc.go.tz), wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mkoa wao, Kagera, una msimbo TZ-05 katika ISO 3166-2, lakini msimbo wa mkoa hauzai kikoa. Kyerwa inapakana na Uganda (.ug) na Rwanda (.rw), hata hivyo kikoa huonyesha usajili, si mahali ilipo kompyuta inayohifadhi tovuti.