Kumbe Denmaki "Gift" Ni Ndoa, Halafu Ni Sumu!

Jamaa akitua Copenhagen, akamtongoza dada mzuri, anaweza kujibiwa kwa neno moja: "gift". Asichangamke akidhani kaitwa zawadi. Kaambiwa dada ni mke wa mtu, basi. Na dawa ya panya huko wanaiita "rottegift", sumu ya panya. Ndoa na sumu, neno moja!

Mitandaoni utani ni uleule: eti Wadenmaki walijua mapema. Ila ukweli ni mtamu kuliko huo utani.

Shina lake ni kitenzi cha kale chenye maana ya kutoa, kilekile kilichozaa "give" ya Kiingereza na "geben" ya Kijerumani. Gift ni kilichotolewa. Sasa kwenye ndoa kilichotolewa ni nini? Ni binti. Baba alimtoa, upande wa pili wakampokea, na yeye mwenyewe huenda hata hakuulizwa. Kiingereza cha zamani sana nacho kilitumia neno hilo kwa mahari. Maana ya zawadi ya kawaida ilikuja baadaye, kwa ushawishi wa lugha ya Waviking waliohamia Uingereza. Wajerumani mpaka leo wana "Mitgift", mali anayotoka nayo binti kwao akiolewa.

Sumu je? Hapo lawama ni za waganga. Wagiriki walikuwa na "dosis", yaani kutoa, au kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa. Kilatini kikalibeba, Wajerumani wakalitafsiri kwa neno lao: gift. Halafu watu wakaanza kulitumia kwa kuficha makali, kama mtaani wanavyosema fulani "kawekewa kitu". Kitu gani? Kila mtu anajua. Kwa Kijerumani maana ya sumu ilinoga mpaka ikaifukuza ya zawadi. Na "dosis" hiyohiyo, kwa kupitia Kiingereza, ndiyo dozi yetu ya malaria.

Kabla ya kuwacheka Wadenmaki, kumbuka Kiswahili kina kuoza binti na kuoza kwa embe. Tofauti ni kwamba yetu ni maneno mawili yaliyogongana kwa sauti tu, lao ni moja lililopasuka.

Na siku hizi Denmaki mwanaume naye ni "gift", sawasawa na mkewe. Huku bado mmoja anaoa, mwingine anaolewa.